Kuahirisha mwaka chuoni: yamalize haya kabla hujapanda basi la kurudi Kusini

Mwanafunzi anayetaka kusimamisha masomo ana njia tatu za kutoka chuoni, na kwenye kumbukumbu za chuo hazifanani hata kidogo. Ya kwanza ni kuahirisha: unaomba kwa maandishi, unajibiwa kwa maandishi, jina linabaki kwenye orodha na nafasi yako inakusubiri mpaka tarehe iliyotajwa. Ya pili ni kujiondoa: unaandika kwamba kozi umeiacha, chuo kinakufuta, na ukitaka kurudi unaomba upya kama mgeni. Ya tatu inatumiwa na wengi na ndiyo mbaya kuliko zote, nayo ni kutoweka. Unafunga begi, unazima simu, unashuka Nangurukuru au Masasi, basi. Mitihani inafika, jina linaitwa, hupo. Mfumo hauna mahali pa kuandika kwamba ulikuwa unatafakari maisha. Unaandika kwamba hukufanya mtihani na sababu haijulikani, na kwa kanuni za vyuo vingi hapo umeshadisco, yaani umefutwa masomo.

Haya yanamhusu anayetaka njia ya kwanza, au anayepima kati ya ya kwanza na ya pili. Namfikiria zaidi kijana wa huku kwetu, awe anasoma Dar, Dodoma au Mbeya, awe yupo hapahapa Mtwara pale Stella Maris au tawi la TIA, Taasisi ya Uhasibu, ambaye ada yake inatoka kwenye korosho, ufuta, au mshahara wa ndugu mmoja anayebeba ukoo mzima.

Hakikisha kwanza tatizo lako si la Oktoba

Wengi wanaosema wanataka muda wa kufikiri upya, ukiwauliza maswali mawili matatu unakuta wanadaiwa ada. Siyo kwamba wanadanganya. Mtu akizuiwa kusajiliwa, akakosa mtihani wa majaribio, akaanza kukwepa mlango wa ofisi ya fedha, hata kozi aliyoipenda inaanza kunuka.

Tazama kalenda. Mwaka wa masomo hufunguliwa Oktoba au Novemba, na chuo kinataka sehemu ya ada ndipo kikusajili. Korosho huanza kuokotwa Septemba, minada inaanza Oktoba. Tangu stakabadhi ghalani ilipoingia kwenye korosho msimu wa 2007/2008, mkulima hapokei hela siku anayopima mzigo. Anapokea stakabadhi, mzigo unakwenda ghalani, unasubiri mnada, mnunuzi analipa, chama kinakata makato yake, ndipo fedha zinaingia benki. Mzee aliyepeleka magunia kwenye AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, kule Tandahimba au Nanyamba katikati ya Novemba anaweza kuishika hela Desemba. Wiki sita za kuchelewa kwa malipo si sababu ya kupoteza mwaka mzima.

Dawa yake ni barua ya kuomba kulipa kwa awamu. Ambatisha nakala ya stakabadhi ya mzigo yenye jina la mzazi na la chama cha ushirika, barua ya mtendaji wa kijiji, na ratiba ya malipo yenye kiasi na tarehe. Ofisi za fedha zimechoshwa na barua zinazosema "nitalipa hali ikiwa nzuri." Andika: shilingi kadhaa ifikapo tarehe fulani, zilizobaki kabla ya mitihani. Na kwa wenye mashamba Lindi, Nachingwea, Ruangwa na Kilwa, ufuta unavunwa kuanzia Mei na minada yake inafuata hapohapo hadi Julai hivi. Hela ya ufuta ndiyo ya kutengwa kwa ada ya Oktoba. Ya korosho iachwe ilipe semesta ya pili. Familia nyingi hufanya kinyume, za ufuta zinakwenda kwenye bati na sherehe, kisha Oktoba kila mtu anatazama mkorosho.

Na kama shida si ada, jaribu likizo ndefu kabla ya kuomba mwaka. Toka mitihani ya Julai mpaka vyuo vifunguliwe kuna takribani miezi mitatu. Swali kama "hivi kazi ya maabara nitaiweza?" linajibika kwa miezi mitatu ya kushinda mahali kazi hiyo inapofanyika. Mwaka mzima ni wa maswali makubwa zaidi ya hapo, au ya afya.

Hesabu ya semesta

Hapa ndipo watu wanapopoteza muda bila kujua. Kozi nyingi za shahada hufundisha kila somo mara moja kwa mwaka. Maana yake, semesta uliyoiacha ndiyo utakayoirudia, na haitafundishwa tena mpaka majira yale yale ya mwaka unaofuata. Ukiahirisha mwanzoni mwa semesta ya pili, yaani Machi, huwezi kurudi Oktoba hata ukipiga magoti, utarudi Machi. Ukiondoka Desemba, semesta ya kwanza ikiwa katikati, kazi za darasani na majaribio uliyokwisha kufanya vinakwenda na maji. Ukirudi unaianza upya semesta ileile Oktoba ijayo, na ada uliyolipia mara nyingi hairudishwi.

Kwa hiyo nyakati zenye hasara ndogo ni mbili. Moja ni baada ya mitihani ya semesta ya kwanza, kabla hujajisajili kwa ya pili: matokeo yako yameingia, huna deni la somo, unatoka Machi unarudi Machi, miezi kumi na miwili. Nyingine ni baada ya mitihani ya Julai: unakuwa umemaliza mwaka mzima, lakini utakaa nje mpaka Oktoba ya mwaka unaofuata, miezi kumi na mitano ukijumlisha likizo. Miezi hiyo mitatu ya ziada inaonekana midogo kwenye karatasi. Kijana aliyezoea kushika hela yake mwenyewe ikifika mwezi wa kumi na tatu, kumrudisha darasani ni kazi.

Mwenye sapu, yaani mtihani wa marudio wa somo alilofeli, aifanye kwanza. Kuahirisha hakufuti somo ulilofeli wala hakuongezi GPA, kunaigandisha ilipo. Anayekimbia sapu kwa kuahirisha anarudi baada ya mwaka kufanya mtihani wa somo alilolisahau, na mwalimu aliyelifundisha huenda kahama.

Mambo mawili ya kutafuta kwenye kijitabu cha kanuni za chuo chako, usiyachukue kwa mdomo wa mtu wa mwaka wa tatu. Kwanza, siku ya mwisho ya kuomba kuahirisha ndani ya semesta. Vyuo vingi vikikaribia mitihani havipokei ombi lisilo la ugonjwa. Pili, ukomo wa muda: ruhusa ya kawaida ni mwaka mmoja, kuongezewa ni ombi jingine, na kila kozi ina idadi ya miaka ambayo ukiipita usajili unakufa. Aliyekwisha kuahirisha mwaka wa kwanza ahesabu vizuri kabla ya kuomba tena.

Wa mwaka wa kwanza ambaye hajasajiliwa bado ana jambo tofauti. Yeye anaahirisha udahili, na si kila chuo kinakubali kumshikia mtu nafasi mpaka mwaka mwingine. Aulize ofisi ya udahili kabla dirisha la usajili halijafungwa, na apewe jibu la maandishi.

Barua na njia inayopita

Ukurasa mmoja unatosha. Juu weka jina kama lilivyo kwenye usajili, namba ya usajili, kozi, mwaka wa masomo na semesta uliyopo. Aya ya kwanza iseme unachoomba pamoja na tarehe mbili, ya kutoka na ya kurudi. Mfano: "Naomba kuahirisha masomo kuanzia semesta ya pili ya mwaka huu wa masomo na kurejea mwanzoni mwa semesta ya pili ya mwaka ujao. Semesta ya kwanza nimeikamilisha pamoja na mitihani yake." Aya ya pili ni sababu. Ya tatu ni viambatisho na namba ya simu ya mzazi au mlezi. Kama chuo kinaendesha shughuli zake kwa Kiingereza, andika kwa Kiingereza kwa mpangilio huohuo. Na kama kuna fomu maalumu, barua haichukui nafasi ya fomu.

Sababu ndiyo inayowasumbua. "Nataka kutafakari" ni kweli lakini ni nyembamba, na mkuu wa idara hana cha kushika. Iseme kweli hiyohiyo kwa umbo linaloweza kukaguliwa: matokeo yameshuka kwa semesta mbili na unataka kupima kama ubaki kwenye kozi, mlezi kafariki na unasimamia wadogo, ada haikamiliki mwaka huu. Weka ushahidi wa kila unachokitaja, iwe nakala ya matokeo, barua ya serikali ya mtaa au ya mtendaji, au cheti cha kifo.

Kwa sababu ya ugonjwa, ripoti itoke hospitali inayotambulika. Usinunue cheti cha daktari. Vyuo huandika hospitali kuuliza, na kosa la nyaraka ya kughushi ni la nidhamu na la jinai pia. Umetoka kuomba mwaka mmoja unafukuzwa moja kwa moja. Na kama hulali, huli, unalia bila sababu au unawaza kujidhuru, hapo usijiambie kwamba umechoka na kozi. Nenda hospitali mara moja, ukiwa chuoni au ukiwa nyumbani: Mtwara kuna Ligula, Lindi kuna Sokoine, zote ni za rufaa za mkoa. Utatibiwa, na ripoti yao itakuwa sababu halali ambayo hakuna ofisi itakayoibishia.

Barua hupita kwa mkuu wa idara, kisha kitivo au skuli, mshauri wa wanafunzi, mwisho ofisi ya msajili au ya taaluma, kutegemea chuo. Inakwama sana pale kati. Toa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, nawe ubaki nayo. Kila baada ya wiki nenda mwenyewe ukaulize imefika wapi. Kumtuma rafiki ni kuipoteza. Usiondoke chuoni ukiwa na nakala ya ombi tu. Ombi si kibali. Subiri barua ya majibu, kisha fungua akaunti yako ya mwanafunzi kwenye mfumo uone kama hadhi imebadilika kuwa umeahirisha. Ikisoma bado unaendelea, mitihani itakuhesabu.

Yaliyobaki ni ya siku moja: rudisha vitabu vya maktaba, kabidhi chumba na ufunguo wa hosteli, uliza kama ada iliyozidi inahamishiwa semesta utakayorudi. Bima ya NHIF ya wanafunzi itakwisha muda wake ukiwa nyumbani, na chuo hakitakulipia ukiwa hujasajiliwa. Angalia tarehe iliyoandikwa.

Mwenye mkopo wa Bodi

Mnufaika wa mkopo ana ofisi moja zaidi ya kupita, ya afisa mikopo wa chuo. Mpelekee nakala ya kibali siku hiyohiyo uliyokipata. Yeye ndiye anayeijulisha Bodi ya Mikopo kwamba umesimama, na ndiye atakayepeleka jina lako ukirudi. Msipoonana naye, Bodi itaendelea kukuhesabu kama upo, au itakukuta kwenye orodha ya waliopotea, na yote mawili ni matatizo.

Bumu, yaani fedha ya mkopo ya chakula na malazi, tangu 2022/2023 ni shilingi 10,000 kwa siku, linatoka kwa mafungu, na kusaini ni kwa alama ya kidole. Kusaini maana yake umekubali deni. Ukisaini fungu la siku 60 kisha ukaondoka baada ya wiki mbili, umechukua 600,000, kama 460,000 kati yake ni za siku ambazo hukusoma, na zitakufuata. Kama umeshapanga kuondoka, usiweke kidole. Kama hela imeshaingia, muulize afisa mikopo utaratibu wa kuirudisha kwa namba ya malipo ya serikali. Asikwambie mtu utume kwenye simu yake.

Anayeahirisha kwa kibali hatazamwi kama anayerudia mwaka kwa kufeli. Wa kufeli mkopo wake husitishwa kwa mwaka anaourudia. Wa kibali hurejeshewa akisharipoti na jina kupelekwa. Kurejeshewa huko huchukua muda. Rudi ukiwa na chakula na pango la miezi miwili mkononi, na kwa kipimo cha bumu lenyewe hiyo ni kama 600,000. Wanaorudi na nauli tu wakitegemea bumu la wiki ya kwanza ndio wanaoondoka tena wiki ya nne, safari hiyo bila barua.

Anayewaza kujiondoa kabisa ajue deni halifi. Sheria inampa miezi 24 baada ya kumaliza au kuacha masomo, kisha marejesho yanaanza, na akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Tena, miongozo ya miaka ya karibuni kwa waombaji wapya imekuwa ikitaka mtu awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano. Ukijiondoa leo, ukakaa miaka miwili, ukaomba kozi nyingine, huenda mlango huo umeshafungwa. Kwa anayesitasita, kuahirisha kunanunua muda kwa bei nafuu kuliko kujiondoa.

Kwa mjomba

Kwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao, mjomba ana neno kwenye mambo ya mpwa wake, na mara nyingi ndiye aliyetoa ada. Asisikie habari hii kwa jirani. Mfuate mwenyewe, mapema, ukiwa na karatasi. "Shikamoo mjomba. Nimekuja kukueleza mwenyewe: nimeahirisha mwaka, sijaacha chuo. Barua ya chuo hii hapa, tarehe ya kurudi imeandikwa. Ada ya mwaka huu ibaki kwako mpaka nitakaporudi." Sentensi ya mwisho ina kazi yake. Mkubwa anachokiogopa ni hela yake kuliwa. Akijua haijaguswa atakusikiliza kuhusu hayo mengine. Usimlaumu kwa kukuchagulia kozi, hata kama ni kweli alikuchagulia. Hilo lina siku yake.

Mwaka wenyewe

Andika swali moja na tarehe ya kulijibu. "Nibaki kwenye uhasibu au niende afya? Nitajibu kabla ya tarehe 30 Novemba." Tarehe ya jibu iwe miezi mitatu kabla ya kurudi, kwa sababu jibu lolote linahitaji barua na hela.

Njia nzuri ya kupima kazi ni kuifanya sehemu yake inayochosha. Ualimu usiupime kwa kusimama mbele ya darasa la kwanza ukashangiliwa. Msaidie mwalimu kusahihisha madaftari ya darasa la wanafunzi themanini kwa wiki mbili. Uhasibu upo kwenye AMCOS msimu wa korosho: kupima, kuandika stakabadhi, kulinganisha kilo za ghala na za daftari mpaka saa tatu usiku. Vyama vingi huhitaji makarani wa msimu, na kijana wa chuo anayeandika vizuri hupata nafasi akijitokeza Agosti, si Oktoba. Kilimo ukitaka kukijua kama sayansi, kituo cha utafiti cha TARI Naliendele kiko nje kidogo ya Mtwara mjini. Ukitaka kukijua kama mwili, kapulize salfa Juni na Julai alfajiri ukiwa na mashine mgongoni. Vaa barakoa na miwani, salfa inachoma macho.

Gesi imewapoteza wengi, nami nitasema wazi. Songo Songo iligunduliwa 1974, Mnazi Bay 1982, bomba la kwenda Dar likakamilika 2015, na kati hapo kijana wa Kusini aliambiwa kila kona asome gesi. Mitambo ya kuchakata gesi kama ya Madimba ikishajengwa inaendeshwa na watu wachache. Ajira nyingi ni za wakati wa ujenzi, nazo ni za wachomeleaji, mafundi umeme, mafundi bomba, madereva na watu wa usalama kazini. Mradi wa gesi kimiminika wa Likong'o, Lindi, umezungumzwa zaidi ya miaka kumi. Usibadili shahada kwa kuusubiri. Kozi fupi ya uchomeleaji au ya umeme VETA Mtwara au VETA Lindi haikupotezei kitu: mradi ukija inafaa, usipokuja mageti na nyumba bado yanajengwa, na bandari ya Mtwara na kiwanda cha saruji vinaendelea kuhitaji mafundi.

Wanaovutwa na afya waanze na cheti cha kidato cha nne. Kwa stashahada ya tabibu, D tatu za kemia, baiolojia na fizikia ndizo zinazotafutwa, na shahada uliyoanza haiwezi kuziba pengo hilo. Huku kuna vyuo vya uuguzi Ndanda na Nyangao vinavyokaa pamoja na hospitali za misheni, na kwa kozi za cheti na stashahada zilizo chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, baadhi ya vyuo hupokea wanafunzi Machi pia. Ila usisajiliwe huko huku ukiwa umeahirisha kwingine. Majina yanakutana kwenye mifumo, na unaweza kupoteza kote kuwili.

Anayeona kwamba kozi ni sahihi lakini maisha ya chuo cha mbali hayamfai, aende kituo cha Chuo Kikuu Huria Mtwara au Lindi akaulize kuhamisha masomo aliyokwisha kufaulu. Chuo kinachopokea ndicho kinachoamua yapi yahesabiwe, kwa hiyo nenda na matokeo yenye muhuri na maelezo ya kila somo, usiende na majina ya masomo peke yake.

Yapo mambo manne yanayomeza mwaka mpaka tarehe ya kurudi ikapita. La kwanza ni boda ya mkataba. Hesabu ya siku inalipwa mwaka au zaidi ndipo pikipiki iwe yako. Machi inafika umebakiza miezi minne, unajiambia utarudi mwakani. Chukua boda ya hesabu ya siku bila mkataba wa kumiliki, au usichukue. La pili ni mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya mapato yake inayotengwa kwa vijana. Unatolewa kwa kikundi; ukirudi chuoni unawaachia wenzako deni lako, na kijijini hilo halisahauliki. La tatu ni JKT ya kujitolea, ambayo mkataba wake ni miaka miwili na ruhusa yako ya chuo ni mmoja. La nne ni kangomba. Kununua korosho za watu kwa bei ya shida kabla ya msimu kunaonekana biashara ya haraka kwa mwenye akiba ya bumu. Ni kinyume cha sheria, mzigo unataifishwa, na unayemnyonya ni baba wa mwenzako anayetafuta ada.

Katika mwaka huohuo safisha nyaraka. Namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, na majina yanayofanana kwenye vyeti vyote. Wengi wa huku wana jina moja kwenye cheti cha kidato cha nne na jingine kwenye cheti cha kuzaliwa. Kulirekebisha huchukua miezi, na ukiwa chuoni huna miezi hiyo. Ambaye hakuwahi kupata mkopo na anataka kuomba akiwa mwanafunzi anayeendelea, dirisha hufunguliwa katikati ya mwaka na nyaraka hizo ndizo za kwanza kuulizwa.

Kurudi, au kutorudi

Miezi miwili kabla ya tarehe yako, andika barua ya kurejea masomoni, ukiambatisha nakala ya kibali cha kuahirisha. Usidhani chuo kinakumbuka. Ni jukumu lako kujitokeza. Uliza mambo matatu kwa maandishi: ada utakayolipa ni ya kiwango gani, mtaala umebadilika au la, na kama umebadilika, masomo uliyofaulu yanalingana na yapi mapya. Mtaala ukipitiwa upya ukiwa nje unaweza kukuta somo la mwaka wa kwanza ambalo hukulisoma, na ni afadhali ulijue Januari kuliko mwaka wa mwisho ukihesabu alama za kuhitimu. Omba kuingizwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa utakaloungana nalo, maana ratiba na mabadiliko yake hupita huko kabla ya ubao wa matangazo.

Anayerudi Machi anasafiri mvua zikiwa zimeanza. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Lindi kwenda Dar ilikatika na mabasi yakakwama, na eneo la Somanga limekuwa likisumbua. Ondoka siku nne au tano kabla ya usajili. Faini ya kuchelewa kusajiliwa haijali maji yaliyojaa.

Na kama jibu la Novemba lilikuwa kutorudi, usiiache ruhusa ikaisha yenyewe, maana hapo utakuwa umetoweka kama wale wa njia ya tatu. Andika barua ya kujiondoa. Lipa unachodaiwa au kubaliana ratiba, omba matokeo rasmi ya semesta ulizomaliza, na omba chuo kiondoe jina lako kwenye mfumo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Lisipoondolewa, siku utakapoomba chuo kingine mfumo utaonyesha kwamba tayari wewe ni mwanafunzi mahali fulani, na maombi yataishia hapo. Fanya hivyo kabla ya Juni, madirisha ya udahili yasije kufunguliwa ukiwa bado unafuatilia, na kama chuo kilishika vyeti vyako halisi, visaini uvichukue siku hiyohiyo.